Kiraka cha Kijani Kwenye Koti la Shefu

Bwana yangu Baraka,

Sijui barua hii utaisikia kutoka kinywa cha nani. Nimeiandika kwa mkono mara nne, na motari wanne, hawa vijana wa pikipiki, wameibeba chini ya makoti yao ya mvua. Wawili wanaishia Kashebere, wawili wataendelea mpaka Ntoto. Nimeomba isomwe kanisani wakati wa matangazo, pale wanapotaja majina ya wanaotaka kuoana na mbuzi waliopotea. Kwa hiyo kama umeketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango kama kawaida yako, na umesikia jina lako, usitoke. Nakuomba, mpenzi wangu, usitoke. Hakuna anayekutafuta isipokuwa mimi. Ni Neema, bibi yako, niliyeishi nawe mwezi mmoja na siku tano, na sasa nimeishi bila wewe muda mrefu kuliko huo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu, nalo nalisema sasa hivi kabla msomaji hajachoka au mtu hajaanza kukohoa. Lile koti la Shefu halikutoka kwa rafiki yako Justin. Justin hakukutega. Ni mimi niliyelileta, na nilikudanganya. Mengine nitakueleza polepole, maana nakujua, ukisikia kidogo utaondoka na hicho kidogo, kama ulivyofanya ile asubuhi.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Mimi nilikuwa nashuka na maharage kichwani, wewe unapanda na bidoni mbili za maziwa, na njia ilikuwa nyembamba kwa sababu ya matope. Mmoja alipaswa kuingia kwenye majani ili mwingine apite. Uliingia wewe, ukazama mpaka magotini, ukaniambia nipite kwa heshima zote kama mke wa gavana. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Tuliokota pamoja, punje moja moja, na mikono yako ilinukia maziwa. Mpaka leo nikinusa maziwa yanayoanza kuganda, moyo wangu unaruka. Wenzangu wananicheka. Wanasema mwanamke gani huyu anayelia mbele ya sufuria.

Na siku ya arusi yetu! Nakumbuka kila kitu, hata upepo. Ulikuwa umevaa koti la kuazima la kaka yako, na mikono yake ilikuwa mifupi, iliishia juu ya saa yako. Shangazi yangu mmoja aliyetoka Masisi alisema kwa sauti kwamba bwana arusi amevaa koti la komunyo ya kwanza. Watu walicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, ukanyoosha mikono mbele ili waone vizuri. Kwako iliishia pale. Kwangu haikuisha. Niliweka moyoni kwamba siku nyingine utakaposimama mbele ya watu, utasimama umevaa kitu kinachokufaa, kwa sababu nilikuona wewe kuwa mwanaume mzuri kuliko wote wa vilima hivi, na nilitaka wengine waone nilichokiona. Kiburi hicho ndicho kilichotufikisha hapa. Sikujua kwamba ni kiburi. Nilidhani ni mapenzi tu, na pengine vilikuwa vyote viwili.

Mwezi wetu ule mmoja nimeutafuna kama muwa, mpaka umebaki makapi, na bado nautafuna. Ulikuwa unaniamsha kwa kuniita Madamu. "Madamu, fromaji zinakungoja." Tunaingia katika kile chumba kidogo chenye rafu za jibini, wewe na kitambaa chenye maji ya chumvi, mimi na taa. Ulinifundisha kuzigeuza, kila siku, kila moja, ile iliyolala upande huu ilale upande ule, na kuzipangusa taratibu. Ulisema fromaji isiyogeuzwa inaoza upande mmoja bila wewe kujua, juu inaonekana nzuri. Nilikuuliza kama na mume anageuzwa hivyo. Ulijibu kwamba mume anageuka mwenyewe, mradi apewe nafasi kitandani. Msomaji anisamehe kwa kusoma hayo kanisani, lakini nataka ujue kwamba ni mimi kweli ninayeandika, si mtu mwingine aliyetumia jina langu.

Sasa ile jioni ya michezo. Ngoja nianze kwa namna ulivyoitamani. Maharage yalikuwa yamevunwa, watu walikuwa na nafasi kidogo ya kupumua, nawe na Justin mlikuwa mmekaa mbele ya nyumba mnakumbuka michezo mliyocheza sekondari. Wewe ulisema watu wa kilima chetu wamesahau kucheka. Wanaongea juu ya vita, juu ya barabara, juu ya nani amekimbia wapi, halafu wanalala. Ulisema, tuwape michezo mitatu mifupi juu ya wakubwa, mchana, kusudi giza likute kila mtu kwake. Justin aliandika kwenye daftari la shule. Yeye ni mwalimu, na kila mtu anajua kwamba ni mtoto wa mdogo wake Shefu, mkuu wa kilima chetu, kwa hiyo mlikwenda pamoja kuomba ruhusa.

Uliporudi ulinieleza. Shefu alisikiliza yote, akauliza mtamcheka nani. Ukamwambia tutawacheka wanaokuja na magari ya jipu, wale tunaowaona wakati wa kura na hatuwaoni tena. Akasema sawa, lakini mtu wa kilima hiki asichekwe, kwa sababu kesho tutakutana naye kwenye maji. Na wewe ulimpa neno lako. Ulimpa mkono wa kulia. Ulirudi nyumbani ukiwa umesimama wima kama mtu aliyekabidhiwa kitu.

Nilijua hayo, Baraka. Nataka kila mtu anayesikiliza ajue kwamba nilijua.

Mchezo wako ulikuwa wa mwisho, Mheshimiwa Nimewasikia. Justin alisema atakutafutia koti, halafu akasahau, au alikosa, sijui. Siku ilipofika hakuwa nalo. Wewe ulisema utavaa pulova tu. Mheshimiwa katika pulova! Nilitoka bila kukuaga, nikaenda kwa Mama Shefu. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimwomba koti la kijivu la mume wake. Hakusita hata kidogo, maana ananipenda, unajua. Aliniambia, "Kamata, mutoto wangu. Mwenyewe ameenda Masisi, atarudi kesho. Unirudishie asubuhi, asiyue kama ilitoka."

Wanawake wawili wajinga. Tulicheka pamoja mlangoni kama wasichana wa shule.

Nililikunja ndani nje, nikakupa shuleni, nyuma ya darasa, dakika ileile wachezaji walipokuwa wanaitwa. Uliniuliza ni la nani. Nikasema ni la mjomba, limeletwa na motari. Makoti ya kijivu ya namna ile yanauzwa kila soko, yote yanafanana, hukuwa na sababu ya kulichunguza. Ulilivaa. Mabegani lilikukaa kama lilikatwa kwa ajili yako. Nilikufunga vifungo mwenyewe, nikaona wewe ni mzuri sana, nikakubusu haraka kabla Justin hajageuka. Kile kiraka cha kitenge cha kijani kwenye kiwiko cha kulia, chenye ndege, sikukiwaza. Nilikiona, kwa sababu macho yangu si mabovu. Lakini siku hiyo nilikuwa naangalia mabega.

Watu walikuja wengi kuliko misa ya Pasaka. Wazee waliketi kwenye mabenchi ya kanisa, wengine kwenye majani, wengine ukutani. Na mstari wa mbele, katikati, nikamwona Shefu. Alikuwa amerudi siku moja kabla ya ilivyotarajiwa, amevaa pulova nyekundu iliyofumwa, anajikunyata kwa sababu ya upepo. Nilitafuta macho ya Mama Shefu. Alikuwa ameyaficha chini.

Ningeweza kukimbia kukuambia. Ulikuwa nyuma ya darasa, hatua thelathini kutoka kwangu. Lakini mchezo wa kwanza ulikuwa umeanza, ule wa mbunge anayerudi nyumbani kwao baada ya miaka mitano na amepotea njia, anamwuliza mwanamke anayelima kama hapo ndipo kwao, "Mama, hapa njo kwetu?" na mwanamke anamjibu bila kuinua jembe, "Hapa njo kwetu, Papa. Kwenu, mimi siyui." Shefu alicheka. Alicheka akapiga magoti yake kwa viganja. Nikajiambia, leo ana roho nzuri, na koti ni koti tu.

Halafu mchezo wa pili, wa waziri aliyekuja kufungua barabara. Ng'ombe wawili wa kweli mliotaka wavute jipu la makaratasi walikataa kuingia, wakawekwa wanaume wawili chini ya blanketi, na mmoja akawa anapiga chafya. Waziri alikata utepe, watu wakapiga makofi, kisha akaomba arudishiwe utepe wake kwa sababu kuna barabara nyingine anakwenda kuifungua, na utepe ni huo mmoja. Watu walilia kwa kucheka. Niliona wazee ambao sikuwahi kuona meno yao. Nikakufikiria wewe nyuma ya darasa, unasikiliza kicheko kile kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi, na nikakaa. Sikuinuka. Nilikaa.

Ulipotoka, Baraka, nilisahau hata kuogopa. Ulitembea kama mtu mnene, ingawa wewe si mnene. Justin alikuwa karani wako, anabeba kiti nyuma yako. Akaja yule aliyecheza mwanamke mzee, akasema daraja limechukuliwa na maji. Ukainua mkono wa kulia juu, polepole, kiganja mbele, kama ulivyofanya mazoezi mara mia mbele ya fromaji zetu. Na kabla hujasema "Nimewasikia," watu walipasuka.

Ulidhani ni wewe. Nilikuona unavyodhani ni wewe. Uso wako ulijaa nuru.

Maana Shefu huinua mkono hivyohivyo kila Jumatano kwenye barza, anaposikiliza kesi za kilima, kutuliza watu, na kila Jumatano tunaona kile kiraka chenye ndege, kwa hiyo uliponyoosha mkono ule ilikuwa kana kwamba umemtoa mstari wa mbele ukamsimamisha jukwaani. Nyuma yangu mtu alisema, "Mutazame kiwiko! Hiyi si koti ya Shefu?" Mwingine akasema, "Njo yenyewe." Kicheko kikatembea kutoka benchi hadi benchi. Wewe, kwa furaha, ukainua tena. Shule haina mabati, mkono juu, nimewasikia. Njia imekatika, mkono juu, nimewasikia. Kila mara uliinua juu zaidi ili wa nyuma waone. Nilihesabu mara sita. Mara ya sita, mtu mmoja wa ukutani alipaza sauti akamwita Shefu mwenyewe. "Papa Shefu, na weye umetusikia?"

Shefu aliinuka. Alijifunga mikono kifuani na kuondoka na ile pulova yake nyekundu, akipita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka. Na wewe ulimwinamia, ukidhani ameharakishwa na jua linalozama.

Ningeweza kukuambia njiani. Unakumbuka njia ile ya kurudi? Ulinishika mkono mbele za watu. Ulisema, "Madamu, umeona? Hata Shefu alicheka." Ulisema mwakani mtafanya michezo mitano. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima. Nikajiambia nitarudisha koti alfajiri, nitaomba msamaha, na wewe hutajua kamwe. Nilitaka ulale usiku mmoja na furaha hiyo. Nimekunyima usiku ngapi kwa ajili ya ule mmoja?

Alfajiri nilichelewa. Vijana wawili wa Shefu walikuwa tayari mlangoni, na karatasi iliyokunjwa mara tatu, imebanwa kwa pini, ina muhuri. Walikupa, wakaondoka. Hawakukutisha hata kidogo, na hilo lilitutisha zaidi. Wewe ulikuwa umeshika kitambaa cha chumvi. Ulitazama muhuri, ukanitazama mimi, na nikaona unaunganisha mambo. Jioni ile majirani walikuwa wamekusalimu kwa kuinua mkono na kukuambia koti la Shefu limekupendeza, ukadhani wanatania. Sasa ulielewa walichokuwa wanasema.

Ulisema maneno ambayo yananiamsha kila siku. "Ni Justin. Ni mwana wa ndugu yake. Yeye njo alisema ataleta koti, halafu koti ikatoka kwenu? Walipanga, Neema. Wamenivalisha shitaka."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nakuapia mbele ya wote waliomo kanisani, mdomo wangu ulikuwa wazi na neno lilikuwa juu ya ulimi. Halikutoka. Niliogopa uso wako ungebadilika. Mwezi mmoja na siku tano, hujawahi kunitazama vibaya, na nilitaka hata dakika hiyo usinitazame vibaya. Kwa ajili ya hilo nilikuacha uende na chuki ya rafiki yako wa tangu utotoni.

Karatasi hukuifungua. Sote tunajua kwa nini. Kwetu karatasi yenye muhuri ukiifungua umeipokea, na ukiipokea umeitika. Kaka yako mkubwa aliwahi kufungua moja, akaenda nayo akiwa amechana nywele vizuri, akafungwa kashoni mpaka ng'ombe wake wakaisha kwa faini. Uliniambia nisiifungue hata kidogo, wakija tena niseme wewe ulikuwa umekwisha kwenda. Ukachukua pulova na nusu ya fromaji. Ukanibusu paji la uso. Ukashuka kwa shamba la maharage, upande wa Kashebere, na nilikuona mpaka pale kwenye mti ulioanguka, ukavuka, hukugeuka.

Juma la kwanza motari mmoja alisema amekuona Kashebere unapakia mihogo kwenye lori. Nilimlisha yule motari kama mkwe. Juma la tatu mama mmoja wa biashara alisema kule Ntoto kuna kijana mwembamba, analala kwa watu, na jioni anawachekesha kwa kuiga wakubwa wa mbali. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, yule mama akaogopa. Tangu hapo, hakuna. Simu yako inatoa ileile sauti ya mwanamke, kwamba haipatikani. Wanaotoka huko wanasema barabara imefungwa, wanasema watu wamehama, wanasema hawajui. Kuna saa nakaa mbele ya mlango nikiwaza kwamba naandikia hewa. Ndiyo maana nimeandika nne. Moja ingeweza kupotea. Nne haziwezi kupotea zote, sivyo? Niambie haziwezi.

Koti nililificha ndani ya gunia la unga wa mihogo. Na Justin, yule uliyesema amekutega, alikuwa anakuja kila siku baada ya shule. Alinipasulia kuni. Alipanda mahali ulipokuwa hujapanda. Hakuuliza kwa nini uliondoka bila kumuaga. Nilimpa chakula bila kumtazama. Majuma manne niliweza, na siku moja, akiwa ananisaidia kubeba fromaji, nilishindwa. Nilimwambia yote, koti, mjomba, na ulichosema juu yake. Aliweka fromaji kwenye rafu taratibu, upande uliopaswa kulala. Akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Kwa hiyo majuma yote haya mimi niko Yuda," alisema, "na hakuna muntu alinijulisha."

Mwishowe akaniuliza karatasi iko wapi. Nikasema chini ya godoro, haijafunguliwa. Akanitazama kama anavyowatazama wanafunzi. "Dada, muletee mwalimu."

Niliivuta ile pini kwa meno. Justin alisoma kwa sauti, na nakuandikia kama ilivyo, maana nimeikariri. "Bwana Baraka, unaombwa kurudisha koti yangu ya kijivu mbele ya siku ya Mungu inayokuja, kwa sababu tuna ubatizo wa mujukuu na sina ingine. Juu ya neno ulinipatia, tutaongea sisi wawili tu." Kisha muhuri.

Basi. Hayo tu, Baraka. Ulivuka mpaka wa Walikale kwa miguu kwa sababu ya karatasi inayoomba koti la ubatizo. Justin alianza kucheka, kile kicheko cha kuumwa, akasema hata yeye hangeweza kuandika mchezo kama huo. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu anayeucheza yuko msituni na hajui kama umekwisha.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwenye barza. Nililikung'uta unga, nikalibeba mikononi kama mtoto mchanga, nikapita katikati ya watu. Nilisimama nikasema mimi ndiye niliyeazima, Mama Shefu alinipa kwa upendo, Justin hakujua, bwana yangu hakujua, aliahidi neno na hakulivunja yeye, nililivunja mimi. Watu hawakunicheka. Nilitamani wangecheka.

Shefu alilichukua, akalitazama ndani na nje. "Siku ya kwanza nilikasirika," alisema. "Siku ya pili nilikasirika. Siku ya tatu nikasikia baridi." Hapo watu wakacheka, naye akainua mkono kuwatuliza, akakumbuka, akaushusha katikati. Akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya barza. "Angekuja ile asubuhi, ningemugombeza, ingeisha. Sasa yeye iko wapi?"

Nikasema Ntoto, labda.

"Mimi najibia kilima hiki, mwanangu. Hapa hakuna muntu atamugusa, nimesema mbele ya wote. Ile njia haiko yangu."

Hilo silifichi, kwa sababu nimekwisha kukuficha vya kutosha. Hapa uko salama. Njiani sijui. Uulize motari, uulize wanaouza chumvi, upite wanapopita akina mama wenye watoto, ungoje siku mbili badala ya moja. Lakini uje.

Shefu alitaka kuweka muhuri juu ya barua hizi ili zipite vizuri. Nilikataa kwa heshima, nikamwambia wewe ukiona muhuri utakimbia mpaka Kisangani. Alicheka kweli mara hiyo. Ndipo Mama Shefu akaja na mkasi na wembe, akaketi karibu nami, akakifumua kile kiraka uzi kwa uzi. Tulikikata vipande vinne. Kila barua ina kipande chake. Mwombe msomaji akuonyeshe. Yako inaweza kuwa na bawa au mkia au majani tu, lakini utaijua rangi, maana umeibeba mkononi mwako jioni nzima bila kuiona.

Sasa kila Jumatano Shefu akiinua mkono, tunaona kiwiko chake chenyewe, ngozi ya mzee, imetoka nje ya tundu. Mama Shefu anasema hatalishona mpaka urudi. Hakuna anayecheka. Wanageuka kunitazama mimi.

Fromaji zako ziliisha zote isipokuwa moja, ile uliyoiweka rafu ya juu mkesha wa michezo, ukasema ni ya sisi wawili. Wamekuja watu kutoka Masisi kuinunua, nimewaambia ina mwenyewe. Naigeuza kila siku na kuipangusa kwa chumvi kama ulivyonifundisha. Imekuwa ngumu. Ukiigonga inalia kama mlango. Kila nikiigeuza natazama upande uliokuwa chini, kuona kama umeoza bila mimi kujua, na mpaka leo haujaoza.

Nigombeze. Njoo unigombeze mbele ya watu wote, ukae kimya juma zima, ulale umenipa mgongo, nitakubali, nitaushukuru mgongo wako. Ila usiniache na hii fromaji moja mpaka iwe jiwe. Ukisikia hapa, simama kwenye hilo benchi la nyuma, umwambie msomaji kwamba ni wewe. Inua mkono tu. Watanijulisha.

Ni mimi, bibi yako, niliyeazima koti.